Kutoka Jukwaani Hadi Mwembe Tayari

Mamangu ana goti bovu, na tangu limwanze hapimi tena masafa kwa kilomita wala kwa dakika. Hupima kwa mapumziko. Kutoka kwetu Majengo, hapa Mombasa, hadi msikitini hakuna pumziko hata moja. Hadi kwa fundi wake wa nguo ni moja. Juzi nilimuuliza anakumbuka nini kuhusu stesheni ya zamani, ile iliyo mwisho wa barabara ya Haile Selassie, nikitarajia habari za treni na safari za usiku. Akanijibu: "Pale ukishuka, hata na goti hili, Mwembe Tayari kwenye mabasi ungefika kwa mapumziko mawili. Na la pili ni la kahawa."

Jibu lile limenikaa rohoni wiki nzima. Tangu reli mpya ya Nairobi hadi Mombasa ije, Wamombasa tumebishana kuhusu mengi: deni, nauli, malori yaliyokosa kazi, hoteli za njiani zilizofungwa. Kwenye mabishano hayo sijasikia watu wakizungumzia vya kutosha pale mtu anaposhuka. Kwangu mimi stesheni huanza pale treni inaposimama na huisha pale abiria anapoketi kwenye chombo kinachofuata, kiwe matatu, tuktuk au feri. Kipande hicho katikati, ambacho mamangu hukihesabu kwa mapumziko, ndicho kinachoonyesha kama waliojenga walimfikiria mtu mwenye mzigo.

Stesheni ya zamani iko pale ilipo kwa sababu ya meli. Tazama kisiwa: mashariki uko Mji wa Kale na bandari yake ya majahazi, magharibi iko Kilindini, na jina lenyewe linakwambia, ni penye kina. George Whitehouse, mhandisi mkuu wa Reli ya Uganda, aliwasili Desemba 1895, na mwaka uliofuata ujenzi ukaanza. Kila kitu kililetwa kwa meli: vyuma, mataruma, injini, na wafanyakazi karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, ambao karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Upana wa reli nao ulifuata njia hiyo hiyo. Ulichaguliwa wa mita moja kwa sababu India kulikuwa na reli za upana huo, na vifaa vyake viliweza kupatikana huko. Kwa hiyo reli hii ilianzia majini. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, na mji wa watu, wenye Ndia Kuu yake na vichochoro vyake, ukabaki upande wa pili wa kisiwa.

Ndipo linapokuja jambo ambalo kila nikilisimulia kwa vijana huona kama hadithi. Kabla ya gari la moshi, Mombasa ilikuwa na toroli. Mwaka 1890, Kampuni ya Imperial British East Africa ilianza kulaza reli nyembamba sana, ya upana wa sentimita 61 hivi, ikiota kwamba itafika Ziwa Viktoria. Ilikwenda kama kilomita 11 ikakwama. Vyuma vile vikang'olewa, vikaja kulazwa tena humu kisiwani, na juu yake vikawekwa vigari vidogo vyenye kiti na kitambaa cha kuzuia jua. Vilisukumwa na watu. Mtu alikaa, wasukumaji wakakimbia nyuma yake kwa miguu, kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Hadi miaka ya 1920 toroli ndizo zilizobeba maofisa na matajiri kuvuka kisiwa.

Sipendi kuzisimulia kwa kuzisifu. Mgongo wa mtu ndio uliokuwa injini. Hata hivyo zinanifundisha jambo: tangu siku ya kwanza, reli kubwa ya Mombasa ilihitaji kitu kidogo cha kuipeleka hadi mlangoni kwa mtu. Bila toroli, anayeshuka Kilindini alikuwa na mzigo wake, jua, na kisiwa kizima cha kukivuka. Toroli zilipokufa, kazi yao ilichukuliwa na magari, kisha matatu, na mahamali wa mikokoteni waliokuwa wakikusanyika mbele ya stesheni kila asubuhi treni inapotarajiwa.

Hao mahamali nawakumbuka mimi mwenyewe. Stesheni niliyoijua utotoni haikuwa na mambo mengi ya kupotea ndani yake. Barabara ya Haile Selassie inakuja moja kwa moja kutoka upande wa Digo Road, inapita eneo la Mwembe Tayari, kisha inagota kwenye stesheni. Ukisimama ukaipa stesheni mgongo, mji wote uko mbele yako: mkono wa kushoto njia za Majengo na Tononoka, mbele Mwembe Tayari penye mabasi ya bara, mkono wa kulia barabara ya Moi na magari ya kwenda Feri. Nyuma yako, ng'ambo ya majukwaa, ni njia za mabehewa ya mizigo zikielekea Shimanzi na bandarini. Ndani palikuwa na dirisha la tiketi, jukwaa, na treni. Hapakuwa na ngazi. Ulitembea kwa usawa ule ule wa ardhi kutoka barabarani hadi kwenye mlango wa behewa, na ugumu pekee ulikuwa ule wa kupanda behewa lenyewe.

Sisi tulikuwa watu wa daraja la tatu, viti vya kukaa, kwa sababu safari yetu haikuwa ndefu. Mama mkubwa wangu ameolewa Voi. Treni iliondoka jioni, na Voi tulishuka usiku wakati mbwa tu ndio walio macho. Mara moja tu tulikata tiketi ya daraja la pili, na siku hiyo nilijifunza habari za ubao. Majina ya abiria wenye vitanda yalibandikwa kwenye ubao jukwaani, pamoja na behewa na chumba cha kila mmoja. Nilisoma jina la mamangu kwa sauti, nikarudia, hadi akaniambia nyamaza watu wanatutazama. Daraja la pili chumba kilikuwa na vitanda vinne, na watu wasio wa familia moja walitengwa, wanawake kwao, wanaume kwao. Saa ya chakula mhudumu alipita kwenye ujia akigonga kimarimba kidogo cha mkononi. Sauti ile bado ninayo.

Na palikuwa na Makupa. Hapa nataka kukaa kidogo, maana Makupa ndiyo iliyokuwa lango letu la kweli. Wakati wa ujenzi wa reli, mkono huu wa bahari kati ya kisiwa na bara ulivushwa kwanza kwa daraja la mbao la muda, kisha kwa daraja la chuma lililopewa jina la Salisbury, waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule. Mwaka 1929 likaja tuta la kujaza mawe na udongo, ambalo wengi wetu tumelijua maisha yetu yote, gari likipita na reli ikipita. Tuta lile lilifunga maji: hori ya Tudor upande mmoja, ya Port Reitz upande wa pili, na mkondo kati yao ukakatika. Daraja jipya la barabara lilipofunguliwa mwaka 2022, maji yakaachiwa yapite tena.

Abiria wa treni ya usiku kutoka bara hakuhitaji kuambiwa amefika. Baada ya Mazeras treni ilianza kuteremka, minazi ikaongezeka, ikaja Changamwe na matangi yake ya mafuta, halafu ghafla harufu ya maji ya chumvi na matope, na pande zote mbili za dirisha ni hori. Watu walisimama kabla ya wakati. Waliolala waliamshwa. Mamangu, ambaye kwenda alitaka tuamshwe Mackinnon Road, penye kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli, ili asome Fatiha, kurudi alitaka tuamshwe Makupa. Nilimuuliza kwa nini, tukiwa hatuna lolote la kufanya zaidi ya kukaa. Akasema mtu haingii kwao amelala.

Treni ile ilichoka. Miaka ya mwisho ilichelewa hadi ikawa watu hawaulizi tena itafika saa ngapi bali siku gani. Aprili 2017 ikafanya safari yake ya mwisho, na tarehe 31 Mei mwaka huo huo reli mpya ikazinduliwa: kilomita 472 kutoka Miritini, nje ya kisiwa, hadi Syokimau, pembeni mwa Nairobi, kwa mwendo unaofikia kilomita 120 kwa saa. Usiku mzima wa zamani ukawa saa tano hivi za mchana. Siwezi kuisema vibaya safari yenyewe. Nimeipanda mara nyingi, na kila nikiona tembo wa Tsavo kutoka dirishani huwa namshukuru Mungu.

Jengo la Miritini nalo ni zuri. Limechorwa mfano wa mawimbi ya duara, kama yale yatokeayo ukitupa jiwe majini, na mnara katikati pale jiwe lilipoangukia. Mara ya kwanza nilisimama nje nikalitazama kwa muda. Lakini kuingia kwake ni kazi yenye hatua zake. Unafika mapema, saa nzima kabla. Mizigo inapangwa chini kwa mstari, wenye mizigo wanasimama kando, mbwa wanapita wakinusa. Kisha mashine ya kukagua, kisha kitambulisho na tiketi, kisha ukumbi wa kungoja, kisha jukwaa. Kila hatua ina sababu yake, na baada ya misiba ambayo nchi hii imeiona sitaki mtu aniambie usalama si muhimu. Nasema tu kwamba kwa mtu mwenye goti, kila hatua ni kusimama, na kusimama kunaumiza kuliko kutembea.

Desemba ya mwaka ule wa kwanza mama mkubwa alikuja kutuona kutoka Voi kwa treni mpya, ile inayosimama njiani. Nilikwenda kumpokea. Akatoka na kapu lake la maembe, amefurahi, anasifu viti na usafi. Tulipofika nje akasimama, akageuka kushoto, akageuka kulia. Barabara, milima midogo, malori, jua. Akaniuliza kwa upole kabisa, bila ubishi: "Sasa mwanangu, Mombasa yenyewe iko wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono upande wa bahari, ambayo haikuonekana.

Miaka yote nimekuwa nikilirudia swali lile. Mama mkubwa alikuwa akingoja Makupa. Mwilini mwake safari ya Mombasa huisha kwa kuvuka maji, na treni hii inaishia kabla ya maji. Kati ya jengo lile zuri na kisiwa kuna zaidi ya kilomita kumi za barabara ambayo ndiyo hiyo hiyo ya malori ya bandari: Changamwe, Kibarani, Makupa. Jioni ikikaza, saa moja inaweza kupotea hapo, yaani sehemu ya tano ya safari nzima kutoka Nairobi. Siku ile gari tulilopanda lilitutoza mara mbili ya nauli ya kawaida, na kapu la maembe likalipiwa kama mtu wa tatu. Wenye magari wanajua kwamba anayetoka pale hana pa kwenda kwa miguu.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: makontena ya reli mpya yanaingia hadi bandarini, karibu na meli. Mzigo unafikishwa mlangoni. Mtu ndiye anayeachwa Miritini. Ni mpangilio ule ule wa 1896, reli ikiitumikia meli kwanza, ila safari ile angalau stesheni ya abiria iliwekwa humu kisiwani.

Nasikia watu wakiuliza, si wangeivusha tu treni ya sasa hadi stesheni ya zamani? Haiwezekani kwa kutaka tu. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, mpya milimita 1,435. Magurudumu ya treni moja hayakai juu ya vyuma vya nyingine. Na kisiwa kimejaa: kupitisha njia pana kungemaanisha kubomoa nyumba za watu, maghala, na pengine sehemu ya Makupa yenyewe. Nauelewa uamuzi wa kusimama bara. Wanaosafiri kwenda Diani au Kwale, tangu barabara ya Dongo Kundu ikamilike, pengine Miritini inawafaa kuliko kisiwani, maana wanaikwepa feri kabisa. Wa Kilifi na Malindi nao wana hesabu zao. Ila mji wa zamani, Majengo, Bondeni, Ganjoni, Likoni, hao ndio waliokatiwa.

Kwa hiyo tiba ni kubadilisha treni, na hilo Shirika la Reli lenyewe limelichora: kipande kipya cha reli ya mita cha kilomita 2.8 kutoka stesheni ya Miritini hadi njia ya zamani, na kukarabati kilomita 16 hivi za njia hiyo hadi stesheni ya Haile Selassie, Makupa ikiwemo. Nilipoisoma ramani ile mara ya kwanza nilimwita mamangu nikamfuatishia kwa kidole. Alichouliza ni kimoja: "Tutapita majini?" Tutapita, mama.

Naiamini sana njia hiyo, na ndiyo maana nina madai yangu, niyaseme kama mtu wa humu.

Kubadilisha treni ni sanaa yake. Zamani tulibadilisha Voi kwenda Taveta na Moshi, kwa njia iliyojengwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mama mkubwa anakumbuka abiria wakivuka jukwaa na vitanda vya kamba vichwani, hawana haja ya kumuuliza mtu, kwa sababu treni moja ilikuwa ikiingoja nyingine. Hapo ndipo penye siri yote. Treni ndogo ya mjini lazima imngoje abiria wa treni kubwa, hata ile kubwa ikichelewa, hata ikiwa ni usiku. Ikiondoka kwa ratiba yake yenyewe, wa kwanza kutoka Miritini atakuwa yule yule mwenye gari la nauli mbili. Na tiketi iwe moja. Mtu aliyelipa shilingi 1,500 kutoka Nairobi asisimame tena kwenye foleni nyingine na kapu mkononi kutafuta ya mjini.

Halafu ule mwendo wa kutoka jukwaa hadi jukwaa. Siombi marumaru. Naomba njia tambarare, yenye kivuli mwanzo hadi mwisho, na mabenchi. Mtu akishakaguliwa mara moja asikaguliwe tena kwa kuwa tu anaingia treni nyingine ndani ya eneo lile lile.

Na upande wa kisiwani nina wasiwasi mkubwa zaidi, kwa sababu mji haukuisubiri stesheni. Kwa miaka mingi mbele yake pamekuwa kimya. Matatu zilijipangia mahali pengine, steji zikahama, mahamali wakazeeka au wakaenda sokoni Kongowea. Mwembe Tayari bado ipo kwa umbali ule ule, lakini njia ya kuifikia kwa miguu imejaa magari yaliyoegeshwa juu ya vijia, maji yaliyotuama, na mashimo. Wiki iliyopita niliitembea asubuhi mapema kabla ya jua kuchoma, nikiwa nahesabu mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa akapumua. Nilianzia kwenye lango la stesheni. Kwa miguu yangu ni mwendo wa dakika chache. Nilipata ukuta mfupi mmoja, na kipande cha baraza mbele ya duka ambalo lilikuwa bado limefungwa.

Pale penye baraza palikuwa na mzee wa kahawa. Birika lake la shaba juu ya makaa, vikombe kwenye ndoo ya maji, kashata chache kwenye sinia. Nilimuuliza kama amekaa hapo siku nyingi. Akasema tangu treni ya usiku ilipokuwa ikifika asubuhi, na watu wakija kwake kabla hata hawajakwenda kwao. Nikamuuliza kwa nini hakuhama treni ilipokwisha.

"Nihame niende wapi," akasema, akinijazia kikombe cha pili. "Barabara si ndiyo hii hii."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mamangu kwamba yale mapumziko mawili bado yapo, na la pili bado ni la kahawa. La kwanza halina pa kukaa.